Tope la Vikapuni

Semboja, mtaalamu wa udongo aliyetumwa kutoka mjini, alikuwa ndani ya shimo alilolichimba shambani kwa Bi Namkunda, akihesabu matabaka ya tope ukutani. Nchi yote ilikuwa kame, isipokuwa mashamba yaliyonyweshwa na mfereji wa mababu. Alihesabu matabaka thelathini na nane. Kesho angepeleka ripoti mjini: mto umefurika hapa mara thelathini na nane, watu wahamishwe.

Bi Namkunda alikuja na kibuyu cha uji, akainama kuchungulia.

"Mama, haya yote ni mafuriko," Semboja alimwambia kwa huruma.

"Mafuriko gani, mwanangu? Mto haujawahi kufika hapa. Kila mwaka tukishazibua mfereji, sisi wanawake hubeba tope lake kwa vikapu, tukalimwaga shambani. Hebu bandua bonge hilo."

Akalibandua. Upande wa chini, tope lilikuwa limekauka na alama za kikapu, ufumaji wake umepinda upande mmoja.

Bi Namkunda alilipokea kwa mikono miwili. "Cha mama hiki," alisema taratibu. "Alikuwa akiona kwa jicho moja tu. Kila alichofuma kilipinda hivi hivi."

Semboja aliutazama ukuta upya, toka juu hadi chini.

"Asante, mama," alisema. "Ningewafukuza kwenu."

"Kunywa uji, utapoa."

Aliunywa wote. Kisha akavua viatu, akabaki mle shimoni akitafuta pa kukanyaga ili apande bila kuharibu kazi ya akina mama, asipaone.