Sauti ya Katikati

Niambie, mujukuu wangu: nyumba ya watu watatu, wa katikati akitoka, moto unawaka lakini hapana joto. Ni nini? Ni akordi, sauti tatu zinazoimbwa pamoja: do, mi na sol.

Kule Mususa, Mama Kavugho alikuwa amechoka kufundisha watoto wa kwaya akordi yenye tundu. Mi ilikuwa sauti ya yaya, yaani dada mkubwa, wa Jemima, mmoja wa watoto hao; dada huyo alienda Beni kuuza maharagwe, vita vikamkuta huko. Jemima hakutaka mtu mwingine aiimbe.

"Donc yaya yako atarudia wakati gani?" Mama Kavugho alimuuliza Jemima tena.

Jemima alivuta tu mikono ya pulova ya dada yake, iliyomfunika vidole.

"Mais tumechoka kungoja!" wenzake wakanung'unika.

Jemima akaikunja ile mikono polepole, akasogea katikati.

"Hatarudia, Mama. Munipe sauti yake."