Marehemu Mwenye Kiwanja

Bi Rukaya alifika kupalilia kiwanja chake pembezoni mwa mji, akamkuta dalali mmoja, Kibwana, akikipima kwa hatua.

"Karibu mama. Kiwanja kinauzwa, na majirani ni watu watulivu."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Alifariki mwaka jana. Bi Rukaya Kilalo, Mungu amrehemu. Msibani nilikuwepo."

Bi Rukaya akaweka jembe chini. "Watu walikuja?"

"Wengi mno. Alipendwa yule mama."

Alijikuta anafurahi, na kufurahi huko kukamuudhi. "Hati unayo?"

Kibwana akampa karatasi yenye mihuri mitatu. Bi Rukaya aliisoma yote, akakaa zaidi pale kwenye sahihi ya marehemu. Kisha akatoa kitambulisho chake, akakiweka juu ya karatasi na kumrudishia vyote viwili.

Kibwana akasoma jina. Akaitazama picha, akamtazama yeye, akageukia njia. Jirani aliyekuwa akiwasikiliza tangu mwanzo alikwisha kuiziba, mikono kiunoni.

"Tunakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa," Bi Rukaya alisema. "Tangulia. Na njiani unitajie waliolia."

Kibwana akatangulia, akaanza kuwataja.