Jiwe Kando ya Daraja

Mshonaji alishuka garini kunyoosha miguu, huku binti yake akihangaika na injini iliyochemka. Hakuweza kutulia. Akalisogelea jiwe jipya la kumbukumbu lililosimama kando ya daraja.

Liliwataja vibarua waliofukiwa na udongo daraja lilipojengwa. Wale ambao majina yao halisi hayakujulikana waliandikwa kwa majina ya utani. Wa mwisho alikuwa Bwana Kesho.

Jina hilo mshonaji alimpa mumewe yeye mwenyewe, kwa sababu kila alipoombwa autengeneze mlango wa jikoni, alicheka na kujibu, "Kesho." Alipokwenda kutafuta kibarua asirudi, mshonaji aliamini kapata mwanamke mwingine. Binti alikua akiambiwa hivyo hivyo: baba yako alitutupa.

Alipitisha kidole kwenye herufi. Saruji ilikuwa bado na chengachenga, ikamkwaruza.

"Mama, twende, injini imepoa!" binti aliita. "Unasoma nini hapo?"

Mshonaji aligeuka upesi, akaliziba jiwe kwa mgongo wake. Binti alikuwa tayari anakuja, akifuta mikono kwa kitambaa.

Mama akasogea pembeni.

"Njoo," alisema. "Njoo umwone baba yako."