Uzito wa Kibwana

Ngwali alivuta kamba polepole, kama wachimba visima wote wa mji ule. Mtu hai hatulii kambani. Hujikunyata, hutafuta ukuta, hurusha miguu. Basi mkononi mwa mvutaji mara huwa mzito, mara mwepesi, mara mzito tena. Maiti huja na uzito mmoja tu.

Kibwana alikuwa chini kabisa ya kisima, kwenye hewa mbaya, kamba imemzunguka kifuani. Aliitwa mara tatu asiitike. Sasa alikuwa akipanda, na uzito wake ulikuwa mmoja.

Siwatu, mkewe, alifika mbio, mikono bado ina unga, akaishika kamba nyuma ya Ngwali. Baba yake naye alichimba visima, hakuhitaji kuelezwa.

"Shemeji, mbona imetulia?"

Ngwali alikaza miguu, akavuta kwa nguvu ghafla, akalegeza kidogo, akavuta tena. Kamba ikawa nzito, ikawa nyepesi, ikawa nzito.

"Anatikisika!" Siwatu alipiga kelele. "Mume wangu yu hai!"

"Vuta, shemeji."

Wakavuta pamoja. Siwatu alicheka huku machozi yakimtoka, akiliinamia lile giza na kumwambia mumewe kuwa chapati zake bado za moto. Ngwali alijua zimebaki pima tano za kamba. Kisha nne. Mikono ilimuuma, lakini hakuacha kuitikisa kamba, na kila pima aliichelewesha kuliko ile iliyotangulia.