Filamu ya Kujaribia

Hashil alikuwa akikusanya kamera za zamani, zile za filamu, na kuandika gazetini uzuri na kasoro za kila moja. Asubuhi hiyo mjane mmoja, Bi Mwanaidi, alimletea kamera ya marehemu mumewe, akitaka kuiuza. Hashil akatia filamu, akaielekeza ukutani, kama alivyozoea kuzijaribu zote.

"Ukuta una nini, mwanangu? Nipige mimi. Mume wangu alipiga harusi za mji mzima, na mimi kazi yangu kumshikia taa."

Akaketi, akatengeneza mtandio wake. Hashil akazungusha lenzi mpaka uso ule ukatulia vizuri, akabonyeza.

"Nzima hii, mama. Naichukua."

"Ngoja kwanza." Bi Mwanaidi akaipokea mikononi mwake, akaipeleka jichoni. "Kaa wewe sasa."

"Mimi picha sipigwi."

"Kwa nini?"

Hashil akaketi. Nyuma yake kamera zilijaa rafu hadi darini. Hakujua mikono yake aiweke wapi.

"Inua uso," akasema Bi Mwanaidi, kidole kikiwa tayari juu ya kitufe.