Makato ya Elfu Mbili

Kandambili za Mbuke zilikuwa zikipiga sakafu ya ofisi ya madini bila kutulia. Ada ya leseni ya shimo lake ilikuwa kamili kwenye kadi, na leo ndiyo siku ya mwisho, lakini mashine ilimkatalia.

"Makato ya kadi ni juu ya mteja, mama. Elfu mbili," karani alisema.

"Yaani nilipie hata kulipa?"

Nyuma yake kwenye foleni, mnunuzi wa dhahabu alimnyooshea noti ya elfu mbili. "Chukua, dada. Kwani hii nayo ni hela?"

Mkono wa Mbuke ulifika nusu, ukasita. Machimboni, aliyechangia hata kidumu cha maji hudai mgao wa shimo.

Akavua kandambili zake, akamkabidhi yule mnunuzi, ndipo akapokea noti.

"Nimekuuzia. Foleni nzima imeshuhudia."