Taa ya Bi Mbeleje

Sheria ilitaka kila mstaafu atembezwe pamoja na mkewe, na gari lisilo na dereva halikuwarudisha nyumbani mpaka taa walizovalishwa mikononi ziwe kijani zote mbili, yaani wote wameridhika kweli.

Taa ya Mzee Chilewa iligeuka kijani mapema, mbele ya michoro ya mapangoni kule Kondoa. Ya mkewe, Bi Mbeleje, ilibaki nyekundu. Basi gari likazidi kuwazungusha: divai ya Dodoma, kuku wa kuchoma, kisha michoro ileile. Huko nyumbani Hombolo, zabibu za mzee zilikuwa zimeiva na ndege wanazimaliza.

"Mke wangu, kuku huyu si mtamu?" aliuliza wakila garini.

"Mtamu sana, mzee wangu."

Ndipo alipouona mkono wa mkewe ndani ya kanga, unalifinya paja lake kwa nguvu.

"Kwa nini, Mbeleje?"

"Nyumbani anapika nani?"

"Nitapika mimi. Haki ya Mungu!"

"Wewe? Hata chumvi hujui inakaa wapi!"

Bi Mbeleje akacheka mpaka machozi yakamtoka, na taa yake ikaanza kuingia ukijani. Chilewa akabana pumzi.

Mkono wa mkewe ukarudi ndani ya kanga. Gari likakata kona kuelekea Kondoa.